Visima Vilivyopumzishwa kwa Ajili Yangu

Jumamosi, saa nane mchana, mtaani Tassia. Mawingu yamekaa juu ya maghorofa tangu asubuhi, hayanyeshi wala hayaondoki. Nguo zangu kwenye kamba bado ni mbichi. Nimekaa sakafuni na kompyuta mapajani.

Wiki nzima nilikuwa mtu wa furaha. Niseme hivyo kwanza ili ijulikane nimeanguka kutoka wapi.

Kwa aliyefika kwenye blogu hii leo kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa kupima maji ya chini ya ardhi. Nashusha utepe mrefu kisimani, ukigusa maji unalia, nasoma mita, naandika. Jumanne tulikuwa kwenye mashamba ya nyanya upande wa Kajiado, yale yanayomwagiliwa kwa maji ya visima tu. Wakulima wameomba kuchimba visima vipya. Kabla wakubwa hawajakubali, wanataka kujua kama maji yaliyopo yanarudi baada ya kuvutwa, au kama yanamalizwa polepole. Mwaka jana yalikuwa yameshuka vibaya. Mwaka huu niliyakuta yamepanda, kisima baada ya kisima.

Injinia, bosi wangu, alinipiga bega mbele ya ofisi nzima. "Nafula, umetuletea habari njema." Ripoti ina jina lake juu na langu chini. Itasomwa mkutanoni Jumatatu asubuhi, na ikishasomwa, ruhusa ya kuchimba inatoka.

Leo asubuhi nikashuka kununua nyanya.

Kibanda cha Mama Shiro kiko chini ya ghorofa letu, na ni miaka sita sasa napika mboga zake. Anaamini kazi yangu ni kufungua mifereji ya Tassia, kwa hivyo maji yakikatika ananiangalia kama mwizi. Nilishika nyanya moja, ikalegea mkononi, nikamtania kwamba imezeeka kuliko mimi.

"Wacha madharau, Nafula. Hizo zilikaa siku tatu bila maji. Wenye shamba walizima pampu zote. Eti kuna wageni wa kupima visima wanakuja, so maji ipumzike kwanza."

Nikamuuliza nani amemwambia.

"Si yule huniletea mzigo kutoka Kajiado? Aliwapata wamekaa tu kivulini wakingoja hao wageni. Ni watu aina gani hao, wanafanya shamba ikauke?"

Sikumwambia ni mimi. Nililipa, nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne bila hata kuaga.

Kisima kikipumzika siku tatu, maji hupanda. Visima vyote vya eneo zima vikipumzika pamoja, hupanda zaidi. Mwaka jana tulipima wiki ya kawaida, pampu zikiwa zimezimwa asubuhi hiyo tu. Kwa hivyo nimelinganisha mtu aliyetoka kazini na mtu aliyetoka kulala, nikatangaza kwamba mgonjwa amepona.

Ningependa kusema nilidanganywa. Sikudanganywa. Nilikanyaga udongo uliopasuka katikati ya mistari ya nyanya. Niliweka mkono juu ya pampu ya tatu, ilikuwa baridi na imeshika vumbi. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika pampu ilizimwa lini. Niliandika "asubuhi", kwa sababu ndivyo huwa naandika kila mara, na kwa sababu nilitaka sana maji yawe yamepanda.

Niliona. Sikuandika.

Mama Naserian, mwenyekiti wa wakulima, alikuwa ametupokea siku hiyo kwa chai na nyama ya mbuzi. "Karibuni, tumewatayarishia," alisema. Nikadhani anasema mbuzi.

Nilimpigia simu saa sita. Nikauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, nikizunguka tu kwa kuogopa swali lenyewe. Nilipoliuliza, alijibu bila kuficha lolote, tena kwa fahari.

"Ndiyo, tulifunga tangu Jumamosi iliyopita. Mgeni akikuja si unafagia boma? Hatungewaonyesha maji ikiwa imechoka."

Nikamweleza maana yake. Nikasikia mbuzi wakilia nyuma yake.

"Sasa mtatunyima visima?"

Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kisima chake, mwezi uliopita, kilitoa matope siku mbili. Alidhani ni pampu mbovu. "Niambie ukweli, msichana wangu. Maji inaisha?"

Nikamwambia sijui. Hilo ndilo jibu la kweli, na ndilo jibu pekee ambalo halimo kwenye ripoti yangu.

Injinia naye nilimpigia. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Nani mwingine anajua?"

"Kila mtu anayenunua nyanya Tassia."

Hakucheka. Aliniambia nisimwandikie mtu yeyote, tutaongea Jumatatu. Nikauliza, kabla ya mkutano au baada? "Baada," akasema, akakata.

Naogopa. Niliandike hivyo hivyo bila kulipaka rangi. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, na kabla ya kazi hii nilikuwa nikisimama na wengine nje ya mageti ya viwanda vya Industrial Area alfajiri, nikingoja msimamizi anyooshe kidole achague watu wa siku hiyo. Kuna asubuhi hakuninyooshea. Najua vizuri ninachoweza kupoteza, ndiyo maana nimezunguka chumba hiki saa nzima nikijiambia kwamba fundi si mtu wa kuamua mambo makubwa, kwamba labda maji yamepanda kweli, kwamba mvua za mwaka huu zilikuwa nzuri.

Labda. Lakini mashine ya kuchimba haitachimba "labda". Itachimba kwa sababu ya nambari zangu, na visima vipya vikianza kuvuta maji yasiyokuwepo, atakayesimama juu ya matope ni Mama Naserian, aliyenifagilia njia kwa heshima.

Nimewaandikia wote waliotumiwa ripoti, Injinia akiwa wa kwanza kwenye orodha. Ni mistari michache. Vipimo vya Jumanne visitumiwe. Pampu zilikuwa zimezimwa siku tatu. Fundi aliona dalili, hakuziandika. Fundi huyo ni mimi. Naomba turudi tupime upya bila kutangaza safari, siku ambayo watu wanamwagilia kama kawaida.

Nimeituma sasa hivi, kati ya aya ile na hii. Sasa naandika neno moja, nalifuta, naliandika tena.

Simu inaita. Ni Injinia. Imekatika, inaita tena. Nachapisha hii kwanza, ndipo niipokee. Nikianza kwa kuipokea atanishawishi, najijua.