Kocha Anataka Nichechemee

Kaka, nimetoka mazoezini sasa hivi na hasira bado haijaniisha.

Unajua nimeuguza goti wiki saba. Baiskeli ya mazoezi, kuogelea, kujipa moyo hata siku ambazo ngazi za nyumbani zilinishinda. Leo nimekimbia dakika kumi bila maumivu. Kumi!

Nikamfuata kocha kumpa habari. Akatoa simu anirekodi, nikadhani amefurahi. Akasema, "Sasa rudia, ila chechemea kidogo."

Nichechemee?!

"Wafadhili wanapenda mtu anayeteseka huku akitabasamu. Shika goti, kunja uso, halafu cheka."

Nikamwambia, "Kocha, goti limepona."

Akajibu bila haya: "Kwenye video bado. Hutaki, Jumamosi hukimbii."

Jumamosi, kaka! Mbio nilizozililia wiki zote hizo!

Nikavua fulana ya timu, imelowa jasho, nikamtundikia begani: "Vaa wewe, uchechemee wewe."

Basi sina timu. Sijutii. Ila getini nahodha wetu amenifuata, ananong'ona: "Mimi mwaka jana alinifunga bandeji mguu usiouma. Nilikubali, mdogo wangu. Na nilicheka vizuri sana."