Kiingereza cha Jikoni

Jumapili, 19 Novemba 1961

Baba ametuaibisha tena. Tulikuwa tunatoka misa, hapa kwetu Kenya, mtaa wenye jina la ile nchi, jeep ya Onu, wale askari wa Umoja wa Mataifa, ikasimama. Waswidi wawili, wamepotea njia. Baba akavua kofia, akasogea — nikajua kinachokuja. Akawapigia kelele kwa Kiingereza: Nyie! Simameni wima! Kulia! Haraka, wavivu wakubwa! Waswidi wakacheka mpaka machozi, wakampa sigara. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Si kichaa. Baba yangu Kapya ni mtu wa Luanshya, ng'ambo ya mpaka. Alikuja huku na Mwingereza mmoja wa reli, akiwa mpishi wake. Kiingereza chake chote amekiokota jikoni, na jikoni bwana hakuwa na mazungumzo, alikuwa na amri. Kwa hiyo baba akisema Kiingereza, anasema kama bwana alivyomsemesha mpishi. Anadhani ndiyo lugha yenyewe!

Bwana alikimbilia Ndola mwezi wa tisa, vita vilipoanza. Sauti yake ametuachia sisi.

Jumatano, 22 Novemba

Mama alikwenda materniti, hospitali ya wazazi kule mjini. Masœur mkunga, mtawa wa pale, amempapasa tumbo: mtoto amekingama, kichwa hakiko chini. Uchungu ukianza tu, aletwe mjini. Asithubutu kuzalia nyumbani.

Mtoto aliyetangulia alizaliwa nyumbani. Tulimzika kabla hajapewa jina. Mama anakunja vinguo.

Tatizo ni njia. Barabara ya mjini ina kizuizi cha Onu, na pale wako askari Wahindi, hawajui Kifaransa wala Kiswahili. Nikasema nitawasemesha mimi, tunafundishwa Kiingereza shuleni. Baba akajibu kwamba mke wa mtu husemewa na mume wake. Basi, mjadala umekwisha.

Ijumaa, 1 Desemba

Sokoni leo, Mhindi wa Onu, mwenye kilemba, sajenti nadhani. Alikuwa anachagua nyanya. Baba hakuweza kujizuia. Wewe! Futa miguu!

Huyu hakucheka. Visigino vyake viligongana vyenyewe, akasimama kama mti. Halafu akageuka, akaona mpishi. Uso ukamkauka. Akamuuliza baba, taratibu sana, sauti ile ameitoa wapi.

Baba akajibu kwa Kiingereza: Ndiyo, bwana.

Akauliza tena. Ndiyo, bwana. Mhindi akaziacha nyanya, akaenda zake. Nadhani bwana wa namna ile alikuwako hata kwao.

Jumapili, 3 Desemba

Somo la tatu ninalompa baba. Neno moja tu: tafadhali, kwa Kiingereza. Halimtoki! Nikamwambia ni neno jepesi, hata watoto wa darasa la kwanza wanaliweza.

"Ile neno iko ya bageni ku meza," akasema. "Nilikuwa naisikiaka nyuma ya mulango. Mupishi akisema vile kwa muzungu, muzungu atazani anamucheka."

Nikamuuliza, na wewe mwenyewe, bwana akikuuliza kitu, ulikuwa unajibu nini?

"Ndiyo, bwana. Ni ile tu."

Kwa kila kitu?

"Kwa kila kitu, Victorine."

Nikaona huruma, halafu hasira, sijui juu ya nani. Nimemwapisha mbele ya mama: kwenye kizuizi, hakuna amri hata moja. Mama akasema, basi atabaki na nini? Tukacheka.

Utotoni mwangu Kiingereza kilikuwa: Amka! Osha mikono! Kula, usibakize! — halafu pudingi inatoka mfukoni mwa koti la baba, imepondeka ndani ya karatasi. Nilidhani ni maneno ya kubembeleza. Kwamba ni amri, nilikuja kujua shuleni kwa masœur, kitabu kilipofunguliwa. Baba sikumwambia.

Jumanne, 5 Desemba

Risasi tangu mchana, Onu na askari wa hapa. Shule imefungwa. Mama amelala sakafuni, mbali na dirisha. Baba anamenya mihogo.

Jumamosi, 9 Desemba

Naandika kando ya barabara, mgongo kwenye gurudumu la mkokoteni wa jirani yetu Rigobert. Kuandika kunanituliza. Mama yuko chini, juu ya godoro, ameuma kitambaa.

Uchungu ulianza alfajiri. Risasi zikatulia kidogo, tukatoka, baba anasukuma. Alivaa koti lake jeupe la jikoni, amelipiga pasi! Alisema weupe unaonekana mbali. Njia nzima alikuwa ananong'ona tafadhali, tafadhali, kama mtoto aliyetumwa dukani.

Kizuizini, yule yule Mhindi wa kilemba. Bunduki mbele. Baba akafungua mdomo na tafadhali haikuja. Amri nilikuwa nimemkataza. Kikabaki Kiingereza chake mwenyewe.

Mnatoka Kenya? Ndiyo, bwana. Huyu ni mke wako? Ndiyo, bwana. Mmeficha silaha chini ya godoro?

Ndiyo, bwana.

Wameshusha kila kitu. Mama pia, na lazima niseme, wawili walimbeba polepole. Baba wamempigisha magoti, mikono kichwani. Hawajapata kitu, wanazidi kumuuliza, na yeye anazidi kusema ndiyo. Sijawahi kuogopa hivi.

Kisha Mhindi akanigeukia mimi. Nilikuwa na sentensi tayari, ndefu, ya heshima, nimeikariri wiki nzima. Nikafungua mdomo.

"Wewe! Simama wima! Fungua! Haraka!"

Kwa Kiingereza. Maneno ya baba, mpaka na ile kelele.

Visigino vya Mhindi viligongana. Nimeviona kwa macho yangu. Halafu akamtazama baba pale chini, akanitazama mimi, akamtazama mama, akaingia hemani. Nasikia anazungusha simu. Hajatoka. Sijui anaomba ruhusa au anaomba watu wa kutukamata.

Mama anaugua kwa sauti sasa.

"Umesema muzuri," baba ananiambia, bado yuko magotini, hageuzi kichwa. "Lakini rudilia, mutoto yangu. Bwana hakukuwa anasema mara moja tu."

Pazia la hema linatikisika. Nasimama.