Kiroba cha Shemeji Yotham

Tereza uko wapi?? Mbavu zinaniuma kwa kucheka. Shemeji Yotham kaumbuka huku Haneti!

Si unajua anavyotuchosha na yale majivu ya kiwandani, eti ukiyachanganya na saruji unatumia mifuko michache na sakafu inakuwa ngumu vilevile? Basi alileta kiroba kizima amsakafie mama ghala. Mama akakiweka jikoni kisinyeshewe.

Siku ya kazi mama akamtolea kiroba. Yotham kufungua, anaona vipande vya mkaa! Majivu ya mafiga yetu, Tereza! Jikoni kwa mama mkwe haingii kutafuta kiroba chake, na kumwambia "mama umekosea" hawezi. Akakoroga. Injinia mzima, akakoroga hivyo hivyo!

Leo kaja kukagua, shati jeupe, kachomekea. Kakuta kuku wanaichakura sakafu kama jalala.

Na yale ya kiwandani? Mama kayachanganya na mbegu za mtama zisibunguliwe.

Halafu mama anamfariji: "Usijali, baba. Safari ijayo lete saruji tu. Majivu hapa hayajawahi kutuishia."

Yotham kainamisha kichwa: "Ahsante, mama."