Siku Tuliyomwambia Seneta Aondoe Gari

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia hapa Whitehall, kwenye ile meza ya jikoni uliyokuwa ukiishikilia asubuhi nzima na kikombe kimoja cha chai, kwa sababu kuna jambo limetokea na sioni mwingine wa kumsimulia. Mama yupo, mzima. Baba mdogo alipiga simu kutoka Louisville, shangazi naye kutoka Buffalo, na wote wawili, hata salamu hazijaisha, walitaka kusikia tena ile habari ya gari. Unaijua. Wewe mwenyewe uliisimulia kwa sauti kubwa mpaka jirani akawa anagonga ukuta.

Leo nitaisimulia mimi, na usinikatize.

Tangazo lilibandikwa kwenye chumba cha kufulia: seneta wa jimbo atakuja hapa kwenye apatimenti zetu kuwasikiliza wakazi. Mimi nilidhani watajitokeza watu wachache wenye malalamiko ya bomba. Wewe uliita kwaya! Ukatoa suti ya kanisani, ukamwambia mama apike sombe ya majani ya muhogo na bugali, na akina mama wakatandaza vitenge chini kutoka langoni hadi kwenye ukumbi mdogo wa wapangaji, kama tulivyomtandikia askofu kule kwetu Uvira. Kwako mkubwa hakanyagi lami tupu. Tukajipanga langoni tukingoja msafara, ving'ora na askari wa kutusukuma.

Likaja gari dogo la buluu, bampa lake limeshikiliwa na utepe. Akashuka mama mmoja wa makamo mwenye raba miguuni na chupa ya maji mkononi. Alikuwa ameegesha mbele kabisa ya vitenge. Ulivyopandwa na hasira!

"Muambie uyu mama aondoshe motokari yake," ulinihimiza. "Seneta anakuya, na yeye anafunga njia!"

Nikamtafsiria. Yule mama akaviangalia vitenge, akaiangalia kwaya, akaniomba radhi, akarudi kwenye usukani. Alienda kuliweka gari nyuma ya mapipa ya taka, akarudi kwa miguu akipita pembeni ili asivichafue vitenge. Kisha akakunyooshea mkono, akakutajia jina lake na kazi yake.

Baba, laiti ungejiona. Ulinikodolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyemficha yule mwanamke. Kwaya iliusahau wimbo. Halafu ukaanza kucheka, naye akacheka, mkacheka mpaka ukaegemea ukuta. Hadi leo mimi hubaki mdomo wazi nikikumbuka. Mkubwa kafukuzwa, naye kaenda, bila hata kuuliza kama tunamjua yeye ni nani.

Alikula sombe, akaomba nyongeza. Alijua wazi kwamba wengi wetu tulikuwa bado hatujaruhusiwa kupiga kura, lakini alimsikiliza kila mtu hadi mwisho. Zamu yako ilipofika ulivua kofia. Nilijiandaa kutafsiri salamu ndefu, maana nakujua.

"Bon," ulisema, ukichomeka Kifaransa chako kama kawaida. "Mimi niko mugonjwa. Kila asubui ninamuvukisha bibi yangu ile barabara, juu apate basi ya kazi. Ninamushika mukono, motokari zinakimbia sana. Donc, nikikufa, nani atamuvukisha?"

Tulijua sote kuwa moyo wako unakusumbua, lakini neno la kufa hukuwahi kulitamka mbele ya mama. Aliacha kugawa sahani. Mimi nilitafsiri, nikieleza kwamba bibi ni mke wako, na seneta hakusema pole wala hakuahidi kitu. Aliuliza tu, "Anavukia wapi?"

Mkaenda kumwonyesha. Wewe ulimshika mama mkono wa kulia, seneta akamshika wa kushoto, mkavuka watatu katikati ya magari yale yasiyomjali mtu. Raba moja ya seneta nusura ibaki njiani. Mliporudi upande wetu alikuwa anahema, akaniambia nikueleze kwamba ile barabara ina wenyewe wengi, mji na jimbo, na kila mmoja humsukumia mwenzake. Atawafuata mlangoni kwao, lakini hawezi kukuahidi.

"Uyu ni mukubwa wa namna gani?" ulinong'ona. "Hata kudanganya hajui."

Basi ukatutoka. Nilikuchukia kidogo kwa kuondoka kabla ya kuona, nakwambia kweli. Seneta alikuja kwenye matanga peke yake, akaketi kwenye zulia na akina mama. Baba mdogo, aliyekuwa ameendesha moja kwa moja kutoka ghalani Okolona, kulekule Louisville, na jaketi la kazi bado mwilini, aliuliza yule ni nani. Nilipomwambia, alisimama wima kama mwanafunzi, ikabidi nimvute suruali akae.

Sasa sikia. Taa zimewekwa pale ulipokuwa ukimvusha, baba. Nguzo mbili, mistari myeupe, na kitufe cha kubonyeza. Siku ya kwanza mama alikataa kukigusa. "Mimi ni nani nisimamishe motokari zote izi?" aliniuliza, mkoba wake wa kazi kifuani. Kule kwetu barabara ilisimama akipita mkubwa tu, na sisi tukarukia mtaroni. Nikambonyezea. Malori yakasimama, na gari la polisi likasimama.

Jana asubuhi mama alibonyeza mwenyewe. Gari la kwanza kusimama lilikuwa dogo, la buluu, na bampa lenye utepe. Mama alilitambua palepale. Akarudi nyuma hatua, akapiga goti kidogo, akanyoosha mkono kuonyesha njia.

"Mukubwa apite kwanza," alisema.

Seneta akashusha kioo, baridi yote ile ikamwingia. Hakupita. Aliniita kwa sauti nimweleze mama kwamba zamu ni yake, na kwamba yeye atangoja.

Nilimweleza, kisha nikabaki upande huu kwa makusudi. Mama akashuka barabarani peke yake. Alitembea taratibu, kichwa juu, na mkono wake wa kulia aliuachia pembeni ukiwa wazi, pale ulipozoea kuushika. Nyuma ya seneta magari yalikuwa yamejipanga, na hakuna aliyepiga honi. Nililia pale kando ya nguzo, lakini si kwa huzuni.

Uliuliza nani atamvusha. Pumzika sasa, baba. Mama amevuka.

Ni mimi,
binti yako na mkalimani wako