Kovu la Kifuani Mwako, Kaka

Kaka yangu Elieza,

Shikamoo, ingawa najua marahaba yako sitaisikia tena.

Shamba la mkonge lilipotuachisha kazi, ni wewe uliyesema, "Twende Makanya tukachimbe jasi." Baada ya miaka ya uhaba, dukani kila kitu kilikuwa kimerudi, sabuni, sukari, vitenge, na sisi tukiwa mikono mitupu. Ulijua pumu yako na lile vumbi jeupe la jasi havipatani. Ulikwenda kwa sababu mke wangu alikuwa mjamzito.

Siku ile tuliyopigana, lori lilikuwa linasubiri mzigo na sisi tulikuwa nyuma na kazi. Uliketi juu ya mawe kwa mara ya tatu, ukitafuta pumzi. Nikakuambia uinuke. Ukanionyesha kiganja, nisubiri. Msimamizi akawapa shimo letu watu wengine, papo hapo mbele yetu, nami nikakupiga ngumi ya mdomo. Ukanirudishia. Nikaona damu yangu kwenye jasi, nikapandwa na wazimu. Nilikuangusha, nikakupiga mateke ya mbavu. Ulishika koo. Nilidhani unajifanya ili nikuhurumie, nikaongeza teke jingine. Wenzetu waliponishika mikono, midomo yako ilikuwa imekuwa rangi ya majivu.

"Basi, mdogo wangu," ulisema, na sauti ilikutoka kama mluzi.

Walisema umepona. Lakini dawa zilizokuwa zikikufungua kifua kwa dakika chache zikaanza kukufungua nusu tu. Ukipanda mlima kwenda nyumbani ulipumzika mara nne. Kisha ukaja mwaka ambao wewe ulikosa hata pumzi ya kuniita, tukakuzika karibu na Baba.

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu hospitali kule Same, naye kifua kinambana. Daktari akanieleza taratibu, kwamba njia za hewa zimezungukwa na misuli, na pumu ikiamka misuli hiyo hukaza na kumkaba mtu kutoka ndani.

"Tena misuli hiyo haikabi tu," akasema. "Seli zake huongezeka, hutengeneza nyuzinyuzi za kovu na kuchochea seli nyingine zifanye hivyo. Ukuta wa njia ya hewa unakuwa mnene, mgumu. Dawa ya kufungua kifua hulegeza misuli. Lakini hailegezi kovu."

Nikamuuliza kama mateke yanaweza kuleta kovu hilo. Aliniangalia kwanza.

"Kama pumu ilikuwa ya miaka mingi, kovu lilikuwa limeanza zamani. Lakini mtu aliyebanwa hapigwi, mzee."

Sasa binti yangu anavuta dawa yake ya kuzuia pumu kila asubuhi, hata siku anayojisikia mzima. Nasimama mlangoni mpaka amalize. Ananiona msumbufu.

Jumapili nilipanda kwa Mama. Alikuwa anachambua maharage. Nikamwambia kwamba hukuanguka shimoni kama nilivyomdanganya, kwamba nilikupiga mimi, na nilikupiga ukiwa chini. Hakuacha kuchambua.

"Najua," akasema. "Elieza aliniambia wiki ile ile. Akanikataza nisikuulize. Alisema utakuja kusema mwenyewe."

Nilikaa pale kwenye kigoda nikalia mpaka Mama akanipa ncha ya kanga yake. Miaka yote ile tuliyokula sahani moja, Kaka, ulikuwa unanisubiri, nami nikaacha mpaka ukafukiwa.

Pumzika sasa. Sikuombi msamaha, maana naona ulishanipa zamani bila kuniambia.

Mimi,
mdogo wako uliyemsitiri.