Themosi ya Mkuu yaingia maabara

Selorm uko wapi? Leo Esinam nusura aniue kwa kicheko!

Mkaguzi kaja kumtazama akifundisha, ndiyo siku ya kuthibitishwa kazini. Kufika maabara, vile vikombe vipya vya jaribio, vinavyotunza joto, hakuna! Tulivinywea soda Ijumaa tukimuaga Madam Afi. Mimi nilibeba viwili, nyamaza.

Sasa afanyeje? Kachukua themosi ya Mkuu wa shule. Ile ile aliyonunuliwa na mkewe! Uji wake wa koko, ule wa mahindi na tangawizi, kaumimina kwenye bakuli, themosi kaisuuza haraka haraka, asidi ndani, alkali ndani, kipimajoto ndani.

Joto lilitakiwa lipande kidogo tu. Likaruka kama limefukuzwa na mbwa!

Mkaguzi kavua miwani. "Madam, hii kemia au uchawi?"

Esinam jasho linamtoka, lakini wapi, hakubabaika. "Wanangu, tumekosea wapi?"

Kafui, yule mropokaji wa dawati la mbele: "Madam, themosi bado ina moto wa uji! Hata tangawizi inanukia!"

Uji, Selorm! Mbele ya mkaguzi!

Mkaguzi kacheka mpaka kashika meza. "Darasa linalojua kosa lake limefundishwa. Umepita, Madam."

Hapo hapo Mkuu huyo mlangoni. "Nani kachukua uji wangu?"

"Upo kwenye bakuli, Mkuu," Esinam kwa adabu zote, "ila umepoa."

Mkaguzi kachomoa kipimajoto, kampa Kafui. "Haya, mpimieni Mkuu joto lililopotea kwenye uji wake."

Mkuu kakitazama kinavyodondosha asidi, kasema kumbe leo amefunga.