Mchumba Alikuwa na Mimba, Baba

Baba, shikamoo.

Nimeinua kalamu kidogo hapo kwa mazoea. Marahaba yako ilikuwa haiji bila kikohozi mbele yake, na mimi nilishazoea kukisubiri. Nimekaa hapa Matogoro, pembeni ya kaburi lako, naandikia kwenye goti, kwa hiyo nisamehe mwandiko. Msalaba bado ni ule wa mbao. Mama anasema tutajengea kabla ya mvua.

Nimekuja kukupa habari za Mchumba.

Mama hajakusamehe kumpa ng'ombe jina hilo. Hata siku ya arobaini yako, padri alipomaliza misa pale nyumbani, aliwaambia wageni kwamba kila asubuhi ulikuwa unakwenda bandani kumsalimia mchumba wako, ukirudi ndipo unakumbuka kwamba una mke. Watu wakacheka, naye akacheka, halafu akaingia chumbani na hakutoka mpaka wageni walipoondoka.

Siku ya tatu baada ya kukuzika, Mchumba alilia. Alilia kutwa, na kesho yake pia, matete hakuyagusa. Mama akasema anakulilia wewe. Mimi nikasema hapana, anataka dume, maana yake ile mbegu uliyompandikiza mwezi wa pili haikushika. Ndivyo nilivyofundishwa: ng'ombe akirudia joto, hana mimba. Mama akasema, "Lakini baba yako alimpima baada ya Pasaka, akasema imeshika." Unajua nilimjibu nini? "Baba alikuwa mgonjwa, Mama. Mkono wake haukuwa na nguvu."

Nimekuandikia kauli hiyo mwenyewe, usije ukaisikia kwa mwingine.

Mwezi wa saba nikasema nimpime tuondoe shaka. Mama akashika mkia, mimi nikavaa glovu yako ndefu, ile inayofika begani. Mama alikuwa na imani, Baba. Cheti changu cha mifugo cha mtandaoni amekitia fremu, kiko sebuleni chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, na kila mgeni lazima akisome. Nikaingiza mkono, macho nimeyakodoa kwenye ukuta wa banda kana kwamba jibu limeandikwa pale. Nilikuwa natafuta mpira. Kwenye video mimba ilichorwa kama mpira unaojaa kiganja. Mpira sikuupata. Nikatoa mkono, nikasema hana kitu, na tena nikaongeza, kwa sauti ya kitaalamu, kwamba ng'ombe tasa anakula bure.

Sasa najua. Ng'ombe anaweza kulia vile hata akiwa na mimba. Mimba ya miezi mitano imeshazama tumboni, mkono mfupi kama wangu hauifikii. Kinachobaki kushikika ni ule mshipa wa pembeni, unaopeleka damu kwenye mfuko wa uzazi.

Ule mshipa. Unakumbuka mwaka jana, siku Mama Komba, jirani, alipoleta ng'ombe wake umpime? Ulikuwa uani, mkono ndani mpaka begani, ukaniita: "Njoo hapa, Daktari wa Simu. Funga macho uguse. Unatetemeka kama simu iliyozimwa sauti." Mimi nilikuwa barazani nafanya jaribio kwenye simu, na majaribio yale yana muda wake. Nikakujibu, "Subiri, Baba, namalizia." Ukasubiri. Ulikuwa unakohoa, ng'ombe anahangaika, Mama Komba anakuangalia, na bado ukasubiri. Halafu ukautoa mkono, ukaenda kunawa.

Jaribio lenyewe lilihusu dalili za mimba ya ng'ombe. Swali mojawapo liliuliza kuhusu mshipa huo huo. Nilipata yote.

Ulitaka niende chuo cha bweni, kwenye walimu na ng'ombe wa kweli. Mimi nikachagua simu. Watu niliwaambia nabaki kukuuguza, wakanisifu mpaka kanisani. Wewe ulisema tu, "Usinifanye kisingizio." Ulinijua. Niliogopa, Baba, nilikuwa naogopa tangu mwanzo. Kwenye simu ukikosea unabonyeza tena, na hakuna aliyekuona. Nilipenda kujifunza mahali ambapo hakuna kinachokufa.

Mchumba alinunuliwa na mzee mmoja wa bucha kule Msamala. Mama ndiye aliyeamua, na aliamua kwa ajili yangu: "Baba yako alitaka ukasome kwa mikono, basi mchumba wake akupeleke." Alipakiwa kwenye kirikuu asubuhi. Siku hiyo hakulia. Alipanda kama anayekwenda dukani, mimi nikamshika pembe nikimwelekeza.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwenye misa, simu nimeizima sauti, ikatetemeka mfukoni. Nikaiacha. Ikatetemeka tena. Baada ya misa nikaipigia namba ile, alikuwa yule mzee wa bucha. "Daktari, mbona ng'ombe alikuwa na ndama? Yupo hapa, mkubwa kama paka, mdomoni ameshaanza kuota vinyoya. Jike." Hakugomba. Aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka kueleweshwa na mtaalamu. Nikamwambia inatokea. Ndiyo maneno niliyoyapata, Baba. Inatokea.

Jike. Wewe uliyekuwa unaomba jike kila mwaka.

Majuto ni mjukuu, ulizoea kutuambia. Basi mjukuu wako wa kwanza ndiye huyo.

Mama hajui. Mzee wa bucha alinipigia mimi kwa sababu mimi ndiye daktari. Chuo kinafungua wiki ijayo, begi limeshafungwa, Mama amenikaangia karanga za njiani na anaimba jikoni kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Naenda kusomea kazi hii kwa bei ya Mchumba na ndama wake, niliowaua kwa kutoijua. Wala sioni kama itasaidia. Msichana mmoja anayesoma huko ameniambia wanafunzi ni wengi na ng'ombe wa mazoezi ni mmoja, mnapanga foleni, wengine wanamaliza muhula hawajamgusa. Nikamaliza kuongea naye nikaenda kukaa bandani. Pale pale ndipo nilipokuwa na mwalimu wangu peke yangu, miaka yote ile, na ng'ombe yupo. Mwanafunzi ndiye alikuwa anaangalia pembeni.

Hakuna chuo kitakachonirudishia siku ile ya uani. Nimelifikiria hili kila upande na sioni pa kutokea. Nikienda, nakwenda na uongo begani. Nikimwambia Mama, ataacha kuimba, na huenda asiniamini tena hata nikimwambia kuku anaumwa. Atakumbuka nilichosema juu ya mkono wako. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko chuo chenyewe.

Simu imetetemeka mfukoni sasa hivi. Bila shaka ni Mama, ugali umeiva. Sijapokea. Nimefunga macho, nikaweka vidole juu ya sketi, pole pole, kama ulivyotaka.

Kumbe mshipa ule ndivyo ulivyo, Baba. Mtetemo mdogo hivyo.

Imekatika. Pumzika, nami nisikuchoshe tena leo. Siwezi kukuahidi kuwa daktari, maana sijui kama mkono huu utafaa kitu. Nakuahidi hili moja: sitanawa kula ugali wa Mama leo kabla sijamwambia kwamba mkono wako ulikuwa sahihi.

Nateremka nyumbani.

Mwanao,
yule wa simu